Eti "mtu mmoja si watazamaji"! Wikiendi ya sikukuu, filamu iko dakika ya arobaini, taa zikawashwa

KitiG7 (mleta uzi)

Wakuu, nimefika sasa hivi, hata viatu sijavua, naandika nikiwa nimesimama. Yule bwana leo amenivunjia heshima kuliko mtu yeyote tangu nizaliwe. Simtaji. Mnamjua. Aliyewahi kukanyaga jumba la sinema siku ya sikukuu anamjua: funguo kiunoni kama mlinzi wa gereza, redio ya mkononi inakoroma, anatembea kama kila tofali la lile jengo alilipanga yeye.

Nilikata tiketi siku tatu kabla. Kiti G7, katikati kabisa. Filamu yenyewe nimeisubiri mwaka mzima, filamu ya watu wachache na maneno machache. Wikiendi hii ndefu wakaipa nafasi moja tu kwa siku: saa nne na nusu asubuhi, ukumbi mdogo wa mwisho, ule unaopakana na vyoo. Filamu kubwa ya sikukuu imepewa kumbi zote zilizobaki, hii haijaisha ile inaanza, mpaka usiku wa manane.

Nimekaa. Niko peke yangu. Sawa, kuna ubaya gani? Trela zimepita nyingi mpaka nikasahau nimefuata nini. Filamu ikaanza. Dakika ya arobaini, mama amekaa kitandani, ameishika ile barua aliyoificha tangu mwanzo, anachana bahasha taratibu. Hakuna muziki. Unasikia karatasi tu, ukumbi mzima ni karatasi tu...

TAA ZIKAWAKA.

Zote. Za ukutani, za ngazini, za darini. Skrini ikapauka kama shuka lililoanikwa. Mama wa watu bado anachana bahasha lakini uso hauonekani tena, na sauti imeshakatwa. Natazama mlangoni, ni nani? Ni yeye. Akanyoosha kidole. Wakuu, ALINIHESABU. Kidole kilianzia safu ya mbele, kikapanda taratibu juu ya viti vitupu, kikafika kwangu, kikasimama. "Mmoja," akaiambia redio. Halafu akanigeukia: "Samahani ndugu, mtu mmoja si watazamaji. Ukumbi unahitajika."

Mtu mmoja si watazamaji!

Nimetoka nje, foleni ya filamu kubwa imeshafika mpaka mlango wa vyoo, watu mia wananikodolea macho kama mimi ndiye niliyewachelewesha. Pesa wamenirudishia palepale. Kwani nilifuata pesa? Nilitaka kujua barua imeandikwa nini!

Na Jumatatu watatangaza kwamba filamu ile "haikupata watu". Itawapata wapi, saa nne asubuhi, ubavuni mwa choo? Na aliyekuja umemnyooshea kidole ukamtoa. Njia nzima nimerudi nikisikia sauti yake kichwani. Mtu mmoja si watazamaji. Kwa hiyo mimi nilikuwa nani pale? Kiti?

Bi Pazia

Pole sana ndugu yangu. Alihesabu kwa kidole?? Viti vitupu vyote vile anavipitia na kidole kumtafuta mtu mmoja?

KitiG7 (mleta uzi)

Kwa kidole dada yangu. Na aliniona tangu anafungua mlango. Ila alianza safu ya kwanza makusudi ili niione safari nzima ya kile kidole.

Kijogoo

Mtu mzima, wikiendi ya sikukuu, peke yako ukumbi mzima saa nne asubuhi. Huna ndugu? Huna hata jirani wa kumshika mkono mkaenda? Mngekuwa wawili mngekuwa watazamaji.

Nahodha wa Nyuma

😂😂😂 Kijogoo umeua

Mhasibu Mstaafu

Mleta uzi punguza povu, hiyo ni biashara. Wikiendi ya sikukuu ndiyo inayowalisha mwaka mzima. Tazama Marekani, wikiendi yao ya Memorial Day, ile ya mwisho wa Mei inayoishia Jumatatu. Mwaka 2024 ilikuwa mbaya kimapato kuliko zote za karibu miaka 30, ukiacha ule wa 2020 kumbi zilipofungwa kwa korona. Kila mtu akaandika kwamba sinema imekufa, tuizike. Mwaka 2025, siku zilezile nne, ikavunja rekodi yake: zaidi ya dola milioni 320. Filamu moja tu ya familia, Lilo & Stitch, iliingiza zaidi ya milioni 180 peke yake. Watu ni walewale na sikukuu ni ileile, kilichobadilika ni kilichowekwa kwenye skrini. Sasa bwana yule ana foleni mpaka chooni, wewe umekalia ukumbi na barua yako. Afanyeje?

KitiG7 (mleta uzi)

Asubiri niimalize! Zilibaki dakika hamsini. Foleni ile ingekufa kwa dakika hamsini?

Safu ya Mwisho

Mhasibu, unatuletea dola halafu unaziita watu. Dola hazikai kwenye kiti. Marekani na Kanada mwaka 2002 ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.5. Mwaka 2019, kabla ya korona, zilikuwa kama bilioni 1.2. Lakini mapato ya 2019 yalikuwa makubwa kuliko ya 2002! Vichwa vimepungua, pesa zimeongezeka, kwa sababu tiketi imepanda bei na wanakusukumia kwenye ukumbi wa skrini kubwa wenye malipo ya ziada. Kila sikukuu wanapiga tarumbeta "rekodi, rekodi". Rekodi ya nini? China wakimaliza sikukuu yao ya mwaka mpya wanakutajia na tiketi: 2025, siku nane, tiketi milioni 187. Hapo angalau najua watu wangapi walinyanyuka nyumbani.

Mhasibu Mstaafu

Sawa, lakini hata hiyo China, sehemu kubwa walikwenda kutazama filamu moja, Ne Zha 2. Ndicho ninachosema. Sikukuu haigawi watazamaji sawasawa, mmoja anakomba sahani nzima. Na mwenye ukumbi hafanyi kwa mapenzi yake pekee. Msambazaji wa filamu kubwa anaweza kumwekea sharti: ukumbi wako mkubwa ni wangu kwa wiki kadhaa, hukubali hupewi. Na wiki za mwanzo sehemu kubwa ya tiketi inaondoka na msambazaji, mwenye ukumbi anabaki kutegemea vitafunio. Mtu mmoja wa G7, tena umeingia mikono mitupu, si ndiyo?

KitiG7 (mleta uzi)

Nilikuwa na maji.

Kijogoo

MAJI 😂😂😂 Alikuwa na haki ya kukutoa.

Taa Zizimwe

Hilo la takwimu mimi ndilo linanimaliza. Zile namba za mapato ya wikiendi mnazosoma Jumapili ni makisio. Jumapili yenyewe haijaisha, watu bado wako njiani kwenda sinema, wao wameshajumlisha. Za kweli zinakuja Jumatatu, sikukuu ikiangukia Jumatatu zinasogea Jumanne. Na yale maonyesho ya Alhamisi usiku wanayatia kwenye kapu la Ijumaa ili ionekane filamu imefunguka kwa kishindo. Halafu mmoja anahesabu siku tatu, mwingine nne, na ile Sikukuu ya Shukrani ya Marekani wanahesabu tano, kuanzia Jumatano. Ukilinganisha bila kuangalia siku unajidanganya.

KitiG7 (mleta uzi)

Taa Zizimwe umenitonesha kidonda, sasa hivi ndiyo nimeelewa. Pesa amenirudishia. Maana yake tiketi yangu imefutwa. Kwenye hesabu ya leo filamu ile, ukumbi ule, saa ile, itasomeka SIFURI. Hata ule "mmoja" aliouambia redio haupo tena! Nilikuwepo wakuu! Nilikaa G7, nilimwona mama anachana bahasha! Yule bwana amenihesabu kwa kidole, halafu kwa kidole hichohicho akanifuta!

Bi Pazia

Uwiii. Hilo nalo ni zito. Ungekataa pesa.

Nahodha wa Nyuma

Samahani, mnamzungumzia yule wa tochi?

KitiG7 (mleta uzi)

Hapana, wa tochi ana nafuu. Wa tochi hunionyesha kiti. Huyu ni wa funguo.

Nahodha wa Nyuma

Mimi wa tochi ndiye adui yangu. Mwaka jana sikukuu ilijaa mpaka pomoni, nimeingia kwa adabu, nimeinama nisimzibe mtu, akanimulika usoni mbele ya watu mia tatu na kusema kwa sauti, "Umechelewa." Filamu ilikuwa bado kwenye trela!

Safu ya Mwisho

Trela ndiyo tatizo halisi ambalo hakuna anayelifungulia uzi. Tiketi imeandikwa saa mbili, saa mbili na dakika ishirini na mbili bado naonyeshwa filamu za mwakani. Siku ya kawaida mtu unajiingilia kwa kuchelewa. Sikukuu huwezi, ukichelewa unakuta familia ya watu tisa imejipanga kwenye safu na mtoto amelala kwenye kiti chako.

Bi Pazia

Mtoto aliyelala ni malaika. Mimi nimekaa nyuma ya kijana aliyeifungua simu saa nzima. Mwanga umejaa ukuta. Nikamgusa bega, akaniambia, "Naangalia mwisho wake, nijue kama nibaki."

Kijogoo

Heri wa simu, anakaa kimya. Jana jioni nimekaliwa na msimuliaji. "Sasa huyu anakufa." Anakufa kweli. "Sasa yule atarudi." Anarudi. Nikahama safu mbili mbele, bado namsikia. Alishaitazama Alhamisi, kaja tena kuwafundisha wengine.

Taa Zizimwe

Ngoja. Huyo msimuliaji ana koti la kijani?

Kijogoo

Kijani iliyopauka, anaanza na kukohoa.

Taa Zizimwe

Ndiye! Ijumaa usiku alikuwa kulia kwangu. Filamu ilipoisha nikadhani nimepona, tumetoka mpaka nje amenishika mkono anaanza kunisimulia ile inayofunguliwa wiki ijayo.