Mrejesho: Mdogo wangu aliyekuwa akitetemeka kila akikosa chang'aa

Mwezi uliopita niliuliza kama tumfungie mdogo wangu chumbani, hapa Kariobangi, hadi kiu ya chang'aa imtoke, nanyi mkanionya kwamba mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupatwa na degedege ndani ya saa 48. Nashukuru sikubisha, ingawa mama alibisha sana. Tulipiga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kisha tukampeleka hospitalini, ambako alilazwa na kupewa diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege, iliyopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Usiku wa pili alikuwa akiokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka. Jana alishika kikombe cha chai kwa mkono mmoja, bila kumwaga.