Naombeni ushauri: kalsiamu kwenye kano la bega na tiba ya mawimbi ya mshtuko

Mwalimu_Sakina: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, nina miaka 49. Tangu Februari siwezi kuinua mkono wa kulia kuandika ubaoni, na usiku nikililalia bega huamka nikilia. Eksirei imeonyesha kalsiamu iliyojikusanya ndani ya kano. Kituo kimoja kimenishauri tiba ya mawimbi ya mshtuko, yaani mashine inayopiga mawimbi ya sauti yenye nguvu kupitia ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Je, inasaidia?

Mama_Njiro: Pole sana, mwalimu. Punguza maziwa na dagaa. Magoti yangu yalipovimba nilifanya hivyo, nikapona.

Fizio_Moshi: Mama, kwa heshima, kalsiamu hii haitokani na chakula. Hujijenga ndani ya kano lenyewe, na mara nyingi mwili huinyonya wenyewe baada ya miezi au hata miaka, ingawa maumivu makali kuliko yote huja wakati huo huo wa kunyonywa. Mawimbi ya namna hii yalianza kuvunja mawe ya figo kwa wagonjwa nchini Ujerumani mwaka 1980, na begani yamewasaidia wengi ambao mazoezi peke yake hayakuwatosha. Mwalimu, unatumia dawa gani?

Mzee_Machame: Mimi bega liliniganda baada ya kuanguka kwenye mparachichi. Nilitambaza vidole ukutani kila asubuhi, kidogo kidogo, kwa karibu mwaka mzima. Vijana mnapenda mashine kwa sababu hamna subira.

Mwalimu_Sakina: Shikamoo mzee. Mazoezi nimeyafanya miezi mitatu. Dawa ni za presha tu.

Fizio_Moshi: Za presha tu? Hakuna nyingine?

Mwalimu_Sakina: Niseme ukweli. Mwaka jana damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, na mpaka leo nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kituoni hawakuniuliza. Nimeshalipia mara mbili za kwanza kwa mkopo wa vikoba, miadi ni Jumatatu, na bega liko mbali na mguu.

Mdadisi_Kaloleni: Wakuu, hii ni chai. Akaunti imefunguliwa juzi, na maradhi yanaongezeka kila akiulizwa. Kesho tutatajiwa kituo na namba ya simu.

Mama_Njiro: Hata mimi nimeanza kusita.

Mwalimu_Sakina: Sitataja kituo chochote. Nilificha kwa sababu nilijua mngenizuia, na tangu Februari sijalala usiku mzima.

Fizio_Moshi: Hata kama kisa kingekuwa cha kutungwa, yupo msomaji anayemeza dawa hizo, kwa hiyo nitajibu. Mawimbi haya huweza kupasua mishipa midogo, na kwa mtu ambaye damu yake imezuiwa kuganda, huweza kuvuja ndani ya misuli. Ahirisha Jumatatu. Usiache warfarini kwa uamuzi wako ili uwahi miadi, kwa maana damu ikiganda tena na kufika kwenye mapafu inaua, na bega haliui. Mwone daktari aliyekuandikia, apime kasi ya damu yako kuganda, ndipo aseme. Tena usitulize maumivu kwa diklofenaki, kwa maana ikikutana na warfarini huongeza hatari ya kuvuja damu.

Mwalimu_Sakina: Diklofenaki ndiyo ninayomeza kila usiku.

Fizio_Moshi: Usiimeze leo. Ukiona choo cheusi au fizi zinatoka damu, nenda hospitali usiku huu huu. Usipoona, nenda asubuhi kabla ya kuingia darasani, ubebe dawa zote.