Leah Goldberg kupewa tuzo akiwa kaburini, hii nayo ni heshima?

Msomaji_Usiku: Wakuu habari za muda huu. Kuna huyu mama Leah Goldberg, mshairi wa Kiebrania, kafariki Januari 1970 kwa kansa ana miaka 58 tu, halafu mwaka huohuo ndo wanampa Tuzo ya Israel ya fasihi, mama yake mzazi akaenda kuipokea. Walikuwa wapi siku zote? Au alikuwa hajulikani? Anayemjua atupe darasa.

Kalamu77: Mkuu kujulikana alijulikana sana, tuzo tu ndo ilichelewa. Alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Hebrew pale Jerusalem, na idara ya fasihi linganishi yeye ndo aliianzisha. Watoto nao wanamjua kwa Dira Lehaskir, hadithi ya jengo la ghorofa tano, panya kahama chumba kiko wazi, wanakuja wapangaji kukagua, nguruwe akamtukana paka sababu ni mweusi basi majirani wakamtimua 😂 Na tangu 2017 sura yake iko kwenye noti ya shekeli 100, sasa hapo unataka nini tena.

BintiVitabu: Noti sawa ila maisha yake yalikuwa mazito jamani. Nyumbani kwao walikuwa wanaongea Kirusi, Kiebrania kakikuta shule huko Kaunas, Lithuania. Baada ya vita kuu ya kwanza wakiwa wanarudi kutoka Urusi, baba yake alikamatwa mpakani eti mpelelezi wa wakomunisti, wakawa wanamtoa kila siku kama wanaenda kumpiga risasi kisha wanamrudisha, akili haikukaa sawa tena. Binti mwenyewe kamaliza udaktari wa falsafa Bonn, Ujerumani, 1933, mwaka ule ule Hitler anashika nchi, 1935 akahamia Tel Aviv. Hakuolewa, kaishi na mama yake mpaka mwisho.

Msomaji_Usiku: Duh, kumbe ndo maana mama ndo alienda kupokea. Asanteni.

Kalamu77: Ila mnasahau tafsiri. Vita na Amani ya Tolstoy, lile libuku lote, kalihamishia kwenye Kiebrania, kuna Petrarca yule mshairi wa Italia, kuna Chekhov wa Urusi, kuna tamthilia ya Peer Gynt ya Ibsen. Kwangu mimi hata angekuwa hajaandika shairi hata moja, tuzo ilikuwa halali yake.

BintiVitabu: Hapana bwana, mashairi kwanza. @Msomaji_Usiku tafuta Oren, lile la msonobari, ni fupi, linahusu maumivu ya mtu mwenye nchi mbili.