Nataka kufuga nyuki nitulize nafsi, naombeni ushauri

Mtafuta Utulivu: Wakuu, salaam. Niko Dodoma, kazi yangu mahesabu. Nimechoka kucheka ofisini wakati moyoni sicheki. Nataka kitu ambacho ni mimi kweli, nikafikiria nyuki. Mzinga wa kisasa wa kuanzia unatakiwa uweje? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Bwana Nta: Kagua kwanza mbao za juu, zile nyuki wanazoning'inizia masega. Upana milimita 32 kwa nyuki wetu. Fundi akizidisha, watajenga sega likamate mbao mbili, na siku ya kukagua utang'oa kila kitu. Chini ya kila mbao, katikati, bandika mstari wa nta; hapo ndipo watakapoanzia. Ndani usipake rangi, pakaza nta ya moto. Tundika kwa waya wenye grisi, siafu wasivuke.

Mama Vijungu: Achana na hao wakali, anza na nyuki wadogo wasiouma. Asali yao iko kwenye vijungu vya nta, unaifyonza kwa bomba la sindano. Ina maji mengi, huchacha haraka, kwa hiyo iweke kwenye friji. Ni kidogo, lakini bei yake inaipita ya nyuki wakubwa.

Kipara Mkavu: Nyuki watulize nafsi? Sahau zipu ya kofia siku moja, utatulia wodini.

Bwana Nta: Mleta uzi, mzinga unauweka wapi?

Mtafuta Utulivu: Eneo lipo.

Bwana Nta: Lipo wapi? Nyumba ya karibu iko umbali gani?

Mtafuta Utulivu: Kiwanjani kwangu, 20 kwa 20. Jirani yuko nyuma ya ukuta, ana mbuzi watatu anawafunga kamba. Ila ukuta ni mrefu, na mizinga minne nimeshamlipa fundi. Mmoja nimeshautundika, nyuki wameingia. Wapole kabisa, jioni nakaa nao.

Bwana Nta: Ni wapole kwa sababu hawana cha kulinda. Masega yakijaa, mtikisiko mdogo tu unatosha. Akichoma mmoja, anaacha harufu kama ya ndizi mbivu na wenzake wanaifuata. Mtu atakimbia, mbuzi wa kamba atakimbilia wapi? Weka angalau mita 300 kutoka makazi na njia za watu.

Mtafuta Utulivu: Wiki ya tatu hii hawajamgusa mtu. Na juzi nimevuna ndoo ya lita kumi!

Kipara Mkavu: Hii chai ina tangawizi kabisa.

Bwana Nta: Hapo hata mimi nimeshtuka. Yai mpaka nyuki kazi ni siku 21. Wiki ya tatu kizazi cha kwanza ndiyo kwanza kinatoboa vifuniko, waliopo wanalisha majana, yaani watoto wa nyuki. Lita kumi za asali ni kama kilo 14. Ulikata masega mangapi? Yalikuwa yamefunikwa kwa nta?

Mama Vijungu: Weka picha ya masega.

Mtafuta Utulivu: Mzinga ni wa kweli, nyuki ni wa kweli. Asali nilinunua sokoni. Mama watoto aliuliza hela ya fundi imezaa nini.

Kipara Mkavu: Na ulisema unataka kitu ambacho ni wewe kweli 😂

Bwana Nta: Mwacheni. Hamisha sasa, masega yakiwa machache. Giza likiingia, wote wakiwa ndani, ziba tundu la kuingilia kwa wavu. Kitambaa kitawakosesha hewa. Funga mbao za juu kwa kamba zisicheze. Garini, masega yaelekee uelekeo wa safari, maana mapya ni laini na yakipigwa ubavuni hukatika. Vuka kilomita 5, la sivyo warukaji, wale wanaotoka kutafuta chakula, watarudi hapo hapo kwa mbuzi. Fungua tundu mzinga ukishatundikwa.

Mtafuta Utulivu: Wavu wa chandarua unafaa?

Bwana Nta: Unachanika kwenye kona. Chukua wa chuma, upigilie misumari midogo. Piga nyundo mchana, upande mmoja, kabla hujaziba. Usiku ukunje tu wavu uzibe tundu, usigonge chochote.