Naomba ushauri: miksi ya usiku wa manane
Wakuu, habari za saa hizi. Natengeneza miksi (nyimbo zilizounganishwa mfululizo) yenye urefu wa saa moja, ya kusikiliza usiku taa zimezimwa: triphopu ya Bristol, Uingereza (muziki wa polepole wenye mapigo ya hiphopu), hiphopu na soul ya zamani. Kinachonikwamisha ni kipande kimoja cha mwanamuziki wa soul Isaac Hayes cha mwaka 1971. Bendi ya Portishead walikichukua wakakitumia ndani ya wimbo wao mwaka 1994, rapa Tricky naye mwaka 1995. Nikizipanga nyimbo zote tatu mfululizo, zile fidla zinarudi na kurudi mpaka mke wangu akauliza kama simu imeganda! Nizitenganishe, au huko kurudia ndiko utamu wenyewe? Halafu nikitoka hapo kwenda hiphopu ya mapigo 90 kwa dakika, nipandishe kasi taratibu au nikate tu? Hedifoni zangu upande mmoja umekufa, mnivumilie.