Bukhara ilipataje maji katikati ya jangwa?

Mdau_Bahi:
Wakuu wa jiografia, sisi Dodoma tunalia na mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka. Bukhara kule Uzbekistan, ukingoni mwa jangwa la Kyzylkum, inapata kama robo ya hiyo. Lakini mji una zaidi ya miaka 2,000, na Imamu Bukhari alizaliwa huko mwaka 810. Maji walitoa wapi? Na yale mabwawa ya mraba mitaani ni ya nini?

Nzuguni_2:
Achana na mvua, tazama mto. Zeravshan unaanzia kwenye barafu za milima ya Tajikistan, kwa hiyo unajaa kiangazi, Juni hadi Agosti, mazao yanapokuwa na kiu kuliko wakati wote. Mwisho wake mtu wa Bahi atauelewa haraka: mto Bubu unaishia mbugani kwenu, na Zeravshan nao unapotelea mchangani kabla ya kuufikia mto mkubwa wa Amu Darya. Bukhara imekaa huko mkiani.

Kukaa mkiani kuna gharama. Samarkand iko juu, inachota kwanza. Warusi walipoiteka Samarkand mwaka 1868 walishika na koki ya Bukhara, na amiri hakuwa na ujanja tena. Tangu 1965 kuna mfereji mwingine unaoleta maji ya Amu Darya kwa pampu.

Kiriba:
Hayo mabwawa ni hodhi. Wenyewe wanaita hovuz, neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi. Mfereji wa Shahrud ulipita mjini na kuyajaza, kisha wachota maji wakasambaza majumbani kwa viriba vya ngozi.

Mtego ulikuwa kwenye ngazi za mawe. Mchotaji alishuka hadi miguu ikaingia majini. Kama alikuwa na mnyoo wa Guinea (kule rishta), kidonda cha mguuni kilimwaga viluwiluwi vyake humo. Vidudu vidogo vya majini vikavimeza, mtu akavinywa pamoja na maji bila kuchuja, na baada ya mwaka hivi mnyoo mwingine ukatoboa ngozi. Vinyozi waliutoa kwa kuuzungusha kwenye kijiti, sentimita chache kwa siku. Ukikatika, mguu unavimba na kuoza. Mwingereza Anthony Jenkinson aliuandika ugonjwa huo alipofika mwaka 1558. Wasovieti walikausha hodhi nyingi, wakaleta maji ya bomba, na kufikia 1931 ukawa umekwisha. Lyabi-Hauz, ya mwaka 1620, bado ina maji.

Mdau_Bahi:
Shukrani wakuu. Na yale majengo ya tofali, chumvi haiyali?

Nzuguni_2:
Inayala sana. Mifereji ikizidi, maji ya chini ya ardhi yanapanda, tofali linayanyonya, jua linayakausha, na chumvi inabaki ndani ya tofali ikivimba hadi uso wake unamenyeka. Mnara wa Kalyan wa 1127 ulinusurika kwa Wamongolia mwaka 1220. Chumvi ni adui mvumilivu zaidi. Mafundi wa zamani walitandika matete kati ya msingi na ukuta ili unyevu ukomee hapo. Kosa la baadaye ni kupiga lipu ya saruji chini ya ukuta: unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, na tofali linaanza kumumunyuka pale saruji inapoishia. Kwa ukuta wa namna hiyo tumia chokaa, inapumua.