Mwezi kwa darasa la nne, nianzie wapi?

Mwl. wa Pangani: Walimu wenzangu, hamjambo? Nina watoto 62, nataka kufundisha mwezi kwenye sayansi, hisabati na Kiswahili. Tatizo kitabu kimechora mwezi mchanga umesimama wima, wao wanauona umelala kama mtumbwi!

Bi. Chaki: Waamini macho yao. Huku karibu na ikweta hulala hivyo. Wauchore kila jioni, halafu wahesabu: mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 au 30. Hisabati hiyo.

Mstaafu: Mwite mvuvi aeleze bamvua na maji mafu. Mwezi mpevu ni bamvua: bahari hujaa sana, hukupwa sana; maji mafu hujaa na kupwa kidogo tu. Na vitendawili usisahau.

Mwl. wa Pangani: Shikamoo mzee. Babu wa mwanafunzi mmoja ana ngalawa, kesho namfuata forodhani.